Kufuata Nguo za Msiba Kopenhagen

Nyie wa kundi letu la Tumba mmeniuliza mmoja mmoja, kwenye simu, kwenye basi, hata mlangoni mwa msikiti tukiwa tunavaa viatu. Nimechoka kusimulia vipande. Kila mtu anaondoka na kipande chake, na kikifika kwa mwenzake kimeshaota mkia. Kwa hiyo naandika mara moja, toka nilipotoka hadi nilipofika, na anayetaka kubisha abishe akiwa amesoma mpaka mwisho. Mambo ya tiketi na vibali siyaandiki. Nikianza hayo nitachafuka roho, na mtoto ananyonya.

Fittja

Kwa wasiomjua, Mama Tobi ni jirani yangu wa ghorofa ya chini hapa Fittja, pembeni mwa Stockholm. Ni Mnaijeria, Myoruba wa Ibadan, anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na sauti yake haijawahi kupunguzwa na mtu. Akipigiwa simu na kwao tukiwa kwenye treni, behewa zima linajua nani amejenga na nani ameachika. Waswidi wanainamia magazeti yao kama watu wanaoombewa dua. Siku moja walibandika karatasi kwenye chumba cha kufulia: mpikaji wa samaki anayenuka tafadhali afunge mlango wake. Haikuwa na jina, maana hasira zao zote huziandika kwenye karatasi halafu hukimbia. Mama Tobi akajibu hapo hapo chini yake kwa kalamu nyekundu: "Samaki huyu mkavu ametoka Norway. Kalalamikeni huko." Ile karatasi ilikaa wiki mbili, hakuna aliyeigusa.

Huyo ndiye aliyenitoa arobaini. Salma alizaliwa Februari ya mwaka jana, theluji iko magotini, mama yangu yuko Muheza, na Baba Salma anaendesha basi zamu za alfajiri. Siku ya tatu Mama Tobi akagonga mlango, akavua koti, akauliza maji ya moto yako wapi. Siku arobaini alimkanda mtoto, akanikanda na mimi, wala hakuniuliza kama nataka. Basi msiniulize tena kwa nini nilikwenda.

Mwezi wa tatu mwaka huu mama yake akafariki huko Ibadan, miaka themanini na minne. Mazishi wakayapanga Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nne, kwa sababu kwao maiti ya mzee husubiri watoto wakusanyike. Watoto ni saba. Sita walikusanyika. Wa saba, kitinda mimba, ni Mama Tobi, na pasipoti yake ilikuwa imekaliwa ofisini. Nimesema siandiki karatasi, siandiki. Ila mjue mimi nilikasirika, na mwenye msiba hakudondosha hata chozi. Alisema tu, "Kama siendi, nitamzika hapa hapa Fittja. Siku ile ile, saa ile ile, nguo ile ile."

Hiyo nguo ndiyo iliyonitoa nyumbani. Wayoruba wana sare kama sisi tunavyoshona sare za harusi, lakini yao ni nzito kuliko yetu. Watoto wa marehemu wanachagua kitambaa kimoja, na anayekivaa ni kama ametia sahihi kwamba maiti huyu ni wetu. Ndugu zake walichagua huko, wakamfungia vitambaa vya watu kumi na wanne, yeye na sisi rafiki zake, wakampa mama mmoja mfanyabiashara, Madamu Ronke, aliyekuwa anakuja huku. Ndipo ule mlima wa Iceland ukatapika moshi, ndege zikakatazwa kuruka, na mama huyo na mizigo yake akashushwa Kopenhagen. Alikuwa na siku ya tano uwanjani, analalia kitanda cha turubai.

Fundi wetu Dieudonné, Mrundi wa Tumba, mnamjua asivyopenda maneno mengi. Alisema, "Mama, nikipata hiyo kitambaa Jumatano, Jumamosi mutavaa. Nikipata Alhamisi, mutajifunga kama shuka."

Mama Tobi bila pasipoti hawezi kuvuka mpaka. Mimi naweza. Ilikuwa Jumatatu jioni.

"Unakwenda nchi nyingine na mtoto kufuata vitambaa?" Baba Salma akaniuliza.

"Nakwenda."

"Na chakula changu?"

"Kiko sokoni, hakijapikwa."

Nikaingia jikoni kusukuma chapati za njiani.

Stockholm hadi Malmö

Saa kumi na mbili asubuhi stesheni kuu ilikuwa kama soko la Karume siku ya mkesha wa Idi. Watu waliozoea kuruka wote walikuwa wamerudi ardhini, mabwana wa suti wamekaa sakafuni juu ya mabegi yao. Nikaingia na kigari, mtoto na mkoba wa chapati, nikapata kiti changu kimekaliwa na kijana wa vipokea sauti masikioni. Nikamwonyesha tiketi. Akasema mwaka huu watu wanakaa popote. Nikamwambia mwaka huu huu anyanyuke. Akanyanyuka.

Mnajua tabia ya Waswidi. Kiti cha karibu na wewe kikiwa wazi, watasimama mpaka Malmö kuliko kukikalia. Lakini moshi ule uliwafungua midomo, na hili niliona kwa macho yangu. Wageni kwa wageni walikuwa wanaulizana wanakokwenda, wanagawana magazeti, wanacheka. Karibu yangu alikaa bibi wa miaka sabini na kitu, koti jeusi, jina lake Gunvor. Hatujafika hata Södertälje ameshauliza kama chapati yangu ni ule mkate wao bapa wa kaskazini.

"Ni mkate wa Tanga," nikamwambia. "Kula."

Akala. Naye akatoa ile tyubu yao ya mayai ya samaki, akaniminyia juu ya yai langu la kuchemsha. Ina chumvi kama machozi, lakini nilikula, maana mtu amekula changu. Salma akaipora ile tyubu, akaiminya kwa nguvu zake zote, na kiti cha mbele kikapata mstari wa waridi toka juu hadi chini. Gunvor akacheka mpaka akavua miwani.

Alikuwa anakwenda kumzika dada yake.

"Pole sana. Amefariki jana?"

"Hapana. Wiki tano zilizopita."

"Wiki tano! Yuko wapi?"

"Kwenye baridi. Ndiyo siku ya kwanza iliyokuwa na nafasi." Akanionyesha kadi ya mwaliko. Ilibidi ajiandikishe mapema kama atakula baada ya kanisa.

"Na asiyejiandikisha?"

"Hapati kitu."

Nikamwambia kwetu msibani hata mpita njia anakula. Akafikiri sana, halafu akauliza, "Sasa mnajuaje idadi ya viazi?"

Nilimuuliza kama wote watavaa nyeusi. Akasema wote. "Dada yangu alichukia nyeusi," akasema, akitazama dirishani. "Lakini ndivyo ilivyo."

Nami nikaona sawa kabisa. Nikasema moyoni, Waswidi tunapishana nao kwa kila kitu, lakini kwenye msiba angalau tunaelewana: mtu amefiwa, hang'ai. Shikeni neno hilo, kwa sababu ndilo lililonitia shimoni.

Treni ikasimama kabla ya Nässjö, kwenye miti mitupu, saa mbili nzima. Sauti ikatangaza samahani. Baada ya nusu saa ikatangaza samahani tena. Watu mia na kitu walikaa kimya wakitazama vidole vyao, uji wa Salma umekwisha, duka la behewani limebaki na haradali. Nikasimama. Nikamwambia mhudumu kwa Kiswidi changu hiki hiki kwamba samahani hailiwi, kwa hiyo atuambie ukweli, ni dakika kumi au ni kesho? Akawa mwekundu. Akasema hajui. Nikamwambia, basi hilo ndilo ungetangaza. Mabwana wawili walinipa ndizi zao, na bibi mmoja wa nyuma akampa Salma biskuti. Walikuwa wananishukuru kimyakimya. Wao wenyewe hawawezi.

Kopenhagen

Malmö tuliagana na Gunvor, nikavuka daraja kwa treni nyingine kuingia Denmark, nikashuka moja kwa moja chini ya uwanja wa ndege. Nilijua Kiswidi changu kitanitosha. Hakikutosha. Mdeni akifungua mdomo ni kama ameweka tonge la ugali la moto na hawezi kulimeza wala kulitema. Nilimwuliza askari wanakolala abiria ni wapi, akaniambia kitu kirefu, nikamshukuru, nikaenda nilikotaka mwenyewe.

Sikumtafuta sana Madamu Ronke. Kati ya vitanda mia vya turubai, kimoja kilikuwa kimetandikwa kitenge, kando yake pana Wajapani watatu wanakula karanga zake, naye amekaa katikati anawaamuru. Mama mnene wa miaka sitini, kilemba kimekaa sawasawa baada ya siku tano za kulala uwanjani. Nilimwamkia kwa heshima.

"Wewe ndiye wa Fittja? Mtoto mdogo hivi umemleta huku?"

"Nimeletwa na mzigo, mama."

Akacheka. Akampakata Salma, akamlisha ndizi iliyobaki, akanieleza kwamba amepata basi la kwenda Oslo saa kumi. Huko Oslo kuna mpwa wake anaoa Jumamosi hiyo hiyo, na nguo za harusi anazo yeye. Njiani basi litapumzika Göteborg, nusu saa, dereva mwingine apokee usukani. Simu yake haikukubali laini za Ulaya, na alikuwa ameshachoka kuazima za watu. Chini ya kitanda kulikuwa na shangazi kaja mbili, zile zile za mistari ya buluu na nyekundu, zimevimba sawa, mapacha.

"Wako ni huo wenye kamba nyekundu. Niangalizie, nikanawe uso nipande basi kama binadamu." Akaondoka na taulo begani.

Sasa mimi si mtu wa kubeba mzigo bila kuufungua. Nikavuta zipu ya ule wenye kamba nyekundu. Jamani. Lesi ya rangi ya papai lililoiva, imejaa vimetameta toka pindo hadi pindo, inawaka kama taa za duka la pipi. Na vilemba vyake vya dhahabu. Nikafungua na wa pili. Kitambaa kizito cha damu ya mzee, hakina hata doa la kung'aa isipokuwa uzi mwembamba pembeni.

Nilisimama pale nikamhurumia yule mama. Siku tano bila kulala, hata ningekuwa mimi ningechanganya. Lesi hii ni ya bibi harusi wa Oslo, na hii ya damu ya mzee ndiyo ya msiba, hata kipofu akipapasa atajua. Nilikuwa na njia mbili. Ningemwambia akirudi, nimwaibishe mtu mzima mbele ya Wajapani wake. Au ningefanya kimyakimya. Nikafungua kamba nyekundu kwenye mfuko wa lesi, nikaifunga kwenye mfuko wa damu ya mzee, nikafunga zipu zote mbili, nikakaa, nikajiona nina busara ya watu kumi.

Madamu Ronke akarudi ananukia sabuni. "Chukua wako, mwanangu. Mwambie Mama Tobi, mama yetu alale salama."

Nikauchukua.

Kopenhagen hadi Alvesta

Nilipata treni upesi na safari hii hata kiti cha dirishani. Salma akalala. Nilikuwa na amani kabisa, nimemaliza shughuli ya siku mbili kwa siku moja, na saa tano usiku nitakuwa kitandani kwangu. Tulipokaribia Alvesta nikampigia Mama Tobi nimpe habari njema. Naandika maneno kama yalivyokuwa.

"Mzigo ninao, shoga. Na nimekuokoa aibu kubwa."

"Aibu gani?"

"Yule mama alichanganya. Alitaka kunipa ya harusi. Lesi ya papai, ina vimetameta mpaka macho yanauma. Nikabadilisha. Nimekuchukulia hii ya damu ya mzee."

Nikafikiri mtandao umekatika.

"Mama Tobi?"

"Mama Salma." Sauti ilikuwa ndogo, na mimi sikuwahi kujua kwamba anayo sauti ndogo. "Ya papai ndiyo ya mama yangu."

"Ina vimetameta!"

"Ndiyo. Dada yangu alizunguka soko siku mbili kupata yenye vimetameta hivyo."

Ningependa kuwaambia kwamba niliomba msamaha. Sikuomba. Nilianza kubisha. Nikamwambia hakuna msiba wa namna hiyo duniani, hata Waswidi wanavaa nyeusi. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa pumzi, halafu akasema, "Nakuelewa. Rudi nyumbani na mtoto. Nitavaa nguo yangu ya kanisani."

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira ya kweli, na safari hii hakukuwa na ofisi ya kuitupia. Mtu ameshanyang'anywa mazishi ya mama yake na makaratasi, kimebaki kitambaa tu, na aliyekuja kumnyang'anya kitambaa ni mimi. Kwa mikono yangu. Nimefunga na kamba.

"Usivae kitu," nikamwambia. "Mwambie Tobi aangalie kwenye kompyuta basi la Oslo linafika Göteborg saa ngapi."

Nikamsikia akimwuliza mtoto kwa Kiingereza, mtoto anajibu kwa Kiswidi, kama kawaida ya watoto wetu. Linafika saa mbili na robo usiku. Linaondoka saa tatu kasorobo. Treni yetu ilikuwa inapunguza mwendo. Nikamnyakua Salma na usingizi wake, nikasukuma mzigo mlangoni kwa goti.

Alvesta hadi Göteborg

Alvesta ni stesheni na kitu cha kuuza soseji. Nilimwuliza muuza soseji treni ya Göteborg ni ipi, akasema ni ile kule, na imebakiza dakika nne. Kupita chini ya reli, ngazi, kigari, shangazi kaja, mtoto analia. Nilimwambia kijana mmoja mrefu, "Shika!" Wala sikusema tafadhali. Akashika. Alipanda na mzigo mpaka behewani, akashuka akiwa hajaambiwa hata ni mzigo wa nini, na mlango ukafungwa. Kama unasoma hii, kaka mrefu, ahsante.

Treni ile inapita msituni tu, kijiji kwa kijiji, na inasimama kwa kila mwenye mkongojo. Nilihesabu. Tungefika saa mbili na dakika arobaini, basi linaondoka dakika tano baadaye. Likiondoka, lesi itakwenda Oslo, na Madamu Ronke hana simu, na kabla ya Ijumaa hakuna wa kuirudisha. Fundi alishasema. Nilimnyonyesha Salma, nikala chapati ya mwisho imekauka kama ngozi, nikamwomba Mungu kwa maneno ambayo siyaandiki, kwa sababu hayakuwa ya adabu.

Tulifika dakika nne baada ya muda. Stendi ya mabasi iko ubavuni mwa stesheni, mkitoka tu kwenye milango ya vioo. Nililiona lile basi limeshawasha taa, mlango unafungwa, linaanza kurudi nyuma kutoka kwenye nafasi yake. Nikakimbia nikaenda kusimama nyuma yake, mikono juu. Kigari nilikiacha kwa mama mmoja pembeni, msinifikirie vibaya.

Dereva akafunga breki, akashuka. Mtu mpole, ndevu nyeupe.

"Huwezi kusimama hapo."

"Nimeshasimama."

"Tumepitiliza muda."

"Mimi nimetoka Stockholm asubuhi, nimefika Denmark, nimerudi, sasa niko hapa, na ndani ya basi lako kuna nguo za marehemu. Nigonge au nifungulie."

Akanitazama, akatazama saa yake. Mswidi ukimpigia kelele anakimbia, lakini ukimwambia jambo liko namna hii na hii, basi, analitafakari kama limetoka serikalini. "Dakika tano," akasema. Akafungua buti.

Madamu Ronke alishuka kwa hatua za malkia. Nilimwambia yote mbele ya abiria waliojaa madirishani. Nilitegemea anizabe makofi. Akaukagua uzi wa kamba nyekundu, akatikisa kichwa.

"Kwa hiyo uliniibia mbele ya macho yangu."

"Sikuiba, mama. Nilibadilisha. Kwa sababu ile inang'aa."

"Kwenu mzee akifa mnavaa nini?"

"Kanga. Za zamani. Hatupaki hata poda. Tunakaa chini kwenye mkeka."

"Mwanamke wa miaka themanini na minne, watoto saba, hakuna aliyemtangulia kaburini, wajukuu hawahesabiki. Halafu mnamkalia chini na nguo kuukuu? Amewakosea nini?"

Abiria mmoja Mnaijeria akacheka kwa nguvu huko juu. Mimi sikucheka.

"Tunakaa chini kwa sababu ameondoka, mama. Hata kama ameshiba umri. Nyumba imepungua mtu."

Akanipangusa makombo ya chapati kwenye kola, kama mama yangu angenipangusa. "Hilo nalo ni kweli," akasema. "Kijana akitufia sisi pia tunakaa chini, hatupiki, hatutaki hata kusikia ngoma. Lakini huyu amemaliza kazi yake yote. Ukimaliza kazi unasindikizwa kwa nguo nzuri. Kamwambie Mama Tobi alie akitaka, ila akiwa amevaa."

Dereva akagonga saa yake kwa kidole. Tukabadilishana mizigo kama watu wa magendo. Alipopanda akageuka akaniambia, "Na wewe ungekuwa Myoruba. Una kichwa kigumu cha kutosha."

Göteborg hadi Tumba

Usiku ule wa Göteborg hauna hadithi: chumba cha kusubiria, sofa moja, mkono wangu mmoja juu ya mtoto na mwingine juu ya mzigo. Treni ya asubuhi ilikwenda bila kusimama ovyo, na mhudumu aliniuliza mara mbili kama nahitaji kitu. Nafikiri nilikuwa na sura ya mtu wa kuulizwa. Saa saba mchana Jumatano nilikuwa mlangoni kwa fundi Dieudonné, Mama Tobi ameshafika, amesimama na koti lake la kazi.

Akavuta zipu mwenyewe. Akaitoa ile lesi, akaikunjua juu ya meza ya kukatia, ikamwagika mpaka sakafuni, chumba kizima kikageuka rangi ya papai. Nikatamka ile samahani niliyokuwa nimeibania toka Alvesta. Hakuigeukia. Alikuwa anapapasa vimetameta kwa kiganja, taratibu.

"Dada yangu ana macho mazuri," akasema. Halafu kwa fundi, sauti ikiwa imerudi kimo chake: "Wewe! Yangu usinibane kiuno, nitakula siku hiyo."

"Sawa, mama," akasema Dieudonné, na mkasi ukaanza.

Jumamosi

Waliokuja ukumbini Fittja mmeona wenyewe. Wali mwekundu masufuria matatu, ngoma, na mimi katikati nimevaa lesi ya kung'aa msibani, nacheza. Ndiyo, nilicheza. Wale mlionong'ona pembeni kwamba mke wa Muislamu anasasambua kwenye matanga, mngenong'ona na ile sehemu ya wali mliyobeba nyumbani.

Lakini hamkuona jambo moja, kwa sababu lilitokea kwenye chumba cha nyuma, ambako Tobi alikuwa ameunganisha kompyuta na Ibadan. Tulikuwa wanne tu: Mama Tobi, Tobi, fundi na mimi. Huko kwao jua kali, watu mia kadhaa, na wote walio mbele wamevaa papai. Kaka yake mkubwa akawaita ndugu zake kwa picha. Wakajipanga kwa kuzaliwa, mkubwa hadi mdogo, sita. Baada ya wa sita wakaacha nafasi. Mpiga picha wa kule akawapungia mkono wasogeane, nafasi inaharibu picha. Kaka mkubwa akakataa. Tulimsikia vizuri kabisa, ingawa ni Kiyoruba, na Mama Tobi akanitafsiria bila kugeuza macho: "Anasema hapo pana mtu."

Hapo hapo umeme wa Ibadan ukakatika. Picha ikaganda kwenye kioo, watu sita na nafasi yao.

Mama Tobi akalitengeneza pindo la kilemba, akaisogeza meza, akaenda kusimama kando ya kompyuta, upande ule wa mwisho, bega lake likagusa ukingo wa kioo. Machozi yalikuwa yanashuka mpaka kwenye vimetameta na wala hakuyafuta. Akamwita fundi, kwa sababu ndiye aliyekuwa na kamera.

"Piga."

Dieudonné akapiga. Akaitazama kwa karibu, kama anavyotazama mshono.

"Imetoka?" Mama Tobi akauliza.

"Imetoka, mama," akasema. "Rangi ni moja."